Mikono ya Baba Yetu

Mwaka ule mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, watu wa Bashay walipata padre mpya na ugomvi mpya kwa mpigo mmoja. Padre alikuwa Modest, kijana wa Kibosho aliyekuwa bado na harufu ya seminari, mwenye sauti nzuri na pikipiki isiyoogopa tope. Ugomvi ulikuwa wa mikono.

Kanisa la kigango lilikuwa dogo, la matofali ya kuchoma, na bati lake lilipiga kelele kila upepo ulipovuka mlima. Padre alikuja Jumapili moja na kuruka moja. Zile alizoruka, katekista Gervasi aliongoza ibada. Wanaume walikaa upande wa kulia, wanawake upande wa kushoto, kama walivyowakuta wazazi wao wakikaa, na katikati palikuwa na njia nyembamba ya saruji.

Siku Padre Modest alipoleta jambo lake, alikuwa amefika kwenye Baba Yetu. Badala ya kuanza, aliwatazama watu.

"Leo tusisali kama wapangaji wa nyumba moja wasiojuana," alisema. "Sisi ni watoto wa Baba mmoja. Kila mtu amshike mwenzake mkono, mpaka kanisa zima liwe mnyororo."

Watu walitazamana, wengine wakacheka chinichini. Kisha vijana wa kwaya wakaanza, na benchi baada ya benchi likafuata.

Alfredi Margwe alikuwa amesimama upande wa wanaume, kwenye nafasi yake ya siku zote, karibu na dirisha. Alikuwa mkulima wa vitunguu saumu na maharage, mtu wa maneno machache, mjane tangu mkewe Fransiska alipofariki kwa homa ya mapafu. Jirani yake Tadei alimshika mkono wa kushoto, na mzee mmoja wa kutoka mlimani akamshika wa kulia. Alfredi alisikia kitu ambacho hakukitegemea. Kusalimiana alikuzoea, mkono unakuja, unatikiswa, unaondoka. Lakini huu ulikaa. Ulikaa tangu "Baba yetu" mpaka "utuopoe maovuni," na ulipoachia, aliona kama amewekwa chini baada ya kubebwa. Tangu Fransiska afariki hakuna aliyekuwa amemshika hivyo.

Gervasi hakumshika mtu. Alisimama mbele, karibu na altare, viganja vyake vimefumbwa kifuani, macho yake juu ya tabernakulo, na alisali kwa sauti kuliko siku nyingine zote.

Nje, baada ya misa, maneno yakaanza.

"Kitabu cha misale kinasema padre ndiye anayefungua mikono," Gervasi alisema. Alikuwa amewafundisha katekisimu karibu watu wote waliosimama pale, na bado alizungumza nao kama darasa. "Waamini wanafumba yao. Sijaona mahali palipoandikwa washikane kama watoto wa chekechea."

"Katekista, upendo nao mpaka uandikwe?" aliuliza kijana mmoja wa Karismatiki, na wenzake wakacheka.

"Umeandikwa. Na umewekewa mahali pake. Tunapeana amani, pale ndipo pa mkono."

Jambo hilo likaenda nao majumbani. Likaenda nao shambani na kwenye mizani ya wanunuzi wa vitunguu. Wako waliosema mikono ya kushikana inaleta usingizi wa roho, na wako waliosema inaleta Roho. Mama mmoja mzee alisema mkono wake wa kulia una rozari na wa kushoto una mkongojo, padre amwambie atoe upi. Mwanamume mmoja alikataza mkewe asishikwe na mtu wa ng'ambo ya njia, akaambiwa mbona dukani anashikwa mkono kila siku anaporudishiwa chenji. Baada ya muda kanisa likawa kama limegawanyika: mabenchi ya mbele, yaliyomsikiliza Gervasi, yalifumba, ya nyuma yalishikana.

Alfredi hakuwa msemaji. Lakini Tadei alipomuuliza yeye yuko wapi, alijibu, "Mimi napenda," na akaona aibu kidogo, kama mtu aliyesema kwamba anapenda sukari.

Hayo yalikuwa kabla Violeth hajarudi.

Violeth alikuwa mtoto wake pekee. Alikuwa ameolewa Masakta, Hanang, na kijana aitwaye Gidion, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika mwisho. Alfredi alikuwa ameshatenga kondoo wa kupeleka. Mchana mmoja wa mvua aliona watu wawili wakipanda njia kutoka barabarani: mama mkwe wa Violeth mbele, amebeba begi, na Violeth nyuma, akitembea kama mtu anayetembea kwenye maji.

Mama mkwe hakuingia ndani. Alisimama uani, akaweka begi juu ya kigogo cha kupasulia kuni.

"Amechoka," alisema. "Apumzike kwenu kidogo."

"Na mtoto?" aliuliza Alfredi.

"Hakulia."

Alikataa chai, akasema basi la Katesh litamwacha, akashuka njia ileile kwa haraka. Violeth alikuwa amesimama palepale alipofika, kitenge chake kimelowa mpaka kiunoni.

"Shikamoo baba," alisema.

"Marahaba mwanangu. Ingia ndani, ingia, kuna moto."

Alfredi hakuhitaji kuelezwa maana ya neno kupumzika. Zamani, mwanamke ambaye mtoto wake amekufa tumboni au mikononi mwa mkunga aliwekwa kando. Hakuingia nyumba za watu, hakula chombo kimoja nao, hakushikwa mkono, mpaka muda wake upite na atakaswe. Wazee waliita hali hiyo metimani. Waliogopa kwamba kile kilichomchukua mtoto wake kingefuata viganja vyake mpaka kwa watoto wa wenzake. Mapadre wa kwanza walilikemea jambo hilo, na waliowafuata wakalikemea, mpaka likaacha kutajwa. Sasa ukimuuliza mtu yeyote wa Bashay angekujibu kwamba sisi ni Wakristo, mambo hayo yalikwisha na mababu.

Majirani walikuja kutoa pole. Walisimama uani. Mke wa Tadei alileta maziwa kwenye kibuyu, na alipotaka kuondoka Alfredi akainuka kumimina ili amrudishie chombo chake.

"Kaa nacho tu, Baba Violeth," alisema mama yule, ameshaanza kurudi kinyumenyume. "Msijisumbue kurudisha."

Kilikuwa kibuyu kizuri, kilichofumwa shanga shingoni. Alfredi alikitundika ukutani.

Jumapili iliyofuata padre alikuwepo. Violeth alijitanda kitenge cha kijani, akafuatana na baba yake mpaka mlangoni, na pale wakaachana, yeye kushoto, baba yake kulia. Alimwona Gaudensia na kwenda kukaa karibu naye. Gaudensia alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Walishika mimba msimu mmoja, na wa kwake alikuwa mgongoni, mzima, amevaa kofia ya sufu. Gaudensia alitabasamu. Alisogea, na Alfredi kutoka ng'ambo akafurahi kwamba amempisha. Kisha akaona kwamba amesogea sana.

Ilipofika Baba Yetu, watu wa mabenchi ya nyuma wakainuka na kunyoosheana mikono. Gaudensia alimgeuza mtoto kutoka mgongoni, akampakata mbele na kumkumbatia kwa mikono yote miwili, kana kwamba mtoto alikuwa analia. Mtoto alikuwa amelala. Upande wa pili, mama wa makamo aliinama kutafuta kitu kwenye mkoba wake, akakitafuta na kukitafuta.

Violeth alikuwa amenyoosha mikono yake. Viganja vyake vilikaa hewani, vimetazama juu, kama vya mtu anayesubiri kumwagiwa maji ya kunawa. Sala ikafika kwenye mkate wetu wa kila siku. Ikafika kwenye makosa yetu. Ndipo Violeth akavirudisha na kuvifumba kifuani, taratibu, akainamisha kichwa kama watu wa Gervasi.

Alfredi aliyaona yote hayo akiwa ameshikwa huku na huku. Alitaka kuchomoa mikono yake akavuke ile njia ya saruji, lakini Tadei alikuwa amembana kwa nguvu na macho yamefumbwa, anasali. Sala ikaisha bila Alfredi kuimaliza.

Wakati wa amani hakuna kilichoonekana. Wakati wa amani mtu hugeuka huku, akampa huyu mkono, akamwinamia yule kichwa, akamtabasamia wa tatu, na hakuna anayejua nani hakuguswa. Kumbe ndiyo maana tulikuwa tunaishi vizuri, Alfredi aliwaza, halafu akajiona mjinga kwa kuwaza hivyo.

Nyumbani Violeth alisonga ugali, akapakua, akakaa kwenye kigoda.

"Gaudensia..." alianza Alfredi.

"Ana mtoto mchanga, baba." Hakuinua macho. "Ningekuwa mimi, ningefanya hivyohivyo."

Alfredi alimega tonge, akalirudisha kwenye sahani.

Siku chache baadaye alikwenda parokiani kwa miguu. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alipoingia ofisini padre alimkaribisha kwa shangwe, akamvutia kiti.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu sana mzee wangu. Vitunguu vimestawi?"

"Vinaendelea, Padre." Alfredi aliweka kofia yake juu ya goti. "Nimekuja kwa ule mshikano. Wa Baba Yetu."

"Ehe?"

"Naomba, kama inawezekana, tuuache."

Uso wa padre ulibadilika. "Mzee Alfredi. Hata wewe? Mimi nilikuhesabu upande wangu."

"Mimi mwenyewe naupenda, Padre."

"Basi nani haupendi? Gervasi amekutuma?"

"Hapana. Hajanituma mtu."

"Sasa?"

Hapo maneno yote aliyoyapanga njiani yakampotea. Angemwambiaje mgeni huyu wa Kibosho, aliyedhani anachunga kondoo wa Kristo, kwamba kondoo wanaogopa mikono ya mmoja wao? Kulitaja jambo kungekuwa kulifufua. Likishatajwa na padre, litakuwa na jina, na jina litakuwa Violeth. Pengine akinyamaza, miezi itapita, watasahau wenyewe.

"Kuna watu wanaona vibaya," alisema mwishowe.

Padre alitabasamu kwa huruma, akamwekea mkono begani. "Mzee wangu, kila jema huanza kwa kuonekana vibaya. Tusiogope. Wewe niombee tu, na mimi nitawavuta polepole. Hata Gervasi nitamvuta."

Alfredi alishukuru. Alitoka, akavaa kofia, na alipofika kwenye mikaratusi ya barabarani alisimama kwa muda bila kujua anasubiri nini. Alikuwa amekwenda kuzima moto, akauacha umechochewa.

Jumapili padre aliporudi, mahubiri yake yote yalikuwa juu ya mnyororo. Alisema hakuna pete ya mnyororo inayojitenga. Alisema asiyemshika mwenzake anamwambia Mungu, Baba yangu, siyo Baba yetu. Mabenchi ya mbele yalimsikiliza yakiwa yamekaza shingo. Gervasi alitazama vidole vya miguu yake.

Kisha sala ikafika. Padre hakuanza. Alishuka ngazi moja ya altare, akatembeza macho yake benchi kwa benchi, na watu wakaanza kushikana, hata wa mbele, mmojammoja, kwa aibu ya kutazamwa. Macho yake yakafika upande wa wanawake, nyuma, karibu na mlango. Pale palikuwa na mtu amesimama peke yake mwisho wa benchi, kitenge cha kijani, viganja vimefumbwa kifuani. Kati yake na mwenzake wa karibu wangeweza kusimama watu wawili.

"Wewe dada," alisema padre. Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa ya mtu anayemwita mtoto aje kula. "Dada wa kitenge cha kijani. Mbona umejitenga na wenzako?"

Kanisa lilinyamaza mpaka bati likasikika.

Hakuna hata mwanamke mmoja aliyesema, Padre, si yeye. Gervasi alifungua mdomo, akaufunga.

"Sogea kwa wenzako, dada yangu. Usiogope. Tunakusubiri."

Violeth alisogea hatua moja. Mama aliyekuwa jirani yake naye akasogea, na benchi zima likasogea kama maji kwenye karai lililoinamishwa, mpaka mtoto mmoja wa kike upande wa pili wa benchi akabanwa ukutani na kusema "ai!" Na padre bado alikuwa anatabasamu, bado alidhani anashuhudia ukaidi wa binti mmoja.

Alfredi hakukumbuka kuuachia mkono wa Tadei. Alijikuta kwenye njia ya saruji, halafu upande wa wanawake, ambako mwanamume hakai, akipita magoti na vikapu, viatu vyake vya raba vikiacha tope sakafuni. Alifika kwa binti yake, akauchukua mkono wake kutoka kifuani. Ulikuwa wa baridi na haukumshika. Aliushika yeye kwa mikono yake yote miwili.

"Ndivyo!" alisema padre kwa furaha. "Ndivyo inavyotakiwa. Mmeona mfano wa mzazi?" Akapanda altare, akafungua mikono yake, akaanza kuimba. Watu wakaimba naye. Alfredi hakuweza kuimba, kwa sababu alikuwa amegeuka kumtazama Violeth na kuona machozi yakishuka bila uso wake kujikunja hata kidogo, kama yanamtoka mtu mwingine.

Walirudi bila kusubiri matangazo. Walipovuka kijito Violeth alisimama.

"Baba, kwa nini ulikuja?"

"Nisingeweza kukaa tu."

"Walikuwa wanajua wachache. Wale wa mabenchi ya karibu." Alifuta uso kwa upindo wa kitenge. "Sasa wanajua mpaka watoto. Na wewe umejiingiza."

"Mimi ni baba yako. Nilikuwa ndani tangu mwanzo."

"Ungeniacha nifumbe, baba. Nilikuwa nimeshazoea kufumba."

Alfredi alitaka kusema samahani, lakini samahani ya nini, hakujua. Kwamba amemshika mwanawe mkono? Wakaendelea kupanda.

Alichosema Violeth kilitimia ndani ya wiki. Tadei alipokutana na Alfredi kwenye mpaka wa shamba aliinua jembe juu kwa kumsalimu, mikono yote miwili kwenye mpini, akaongea naye vizuri kuhusu mvua, kwa mbali. Hakuwa na ubaya. Alituma hata salamu kwa Violeth. Lakini walipokuja vijana wa kupokezana kuvuna vitunguu, zamu ya shamba la Alfredi ilirukwa, na kila mmoja akadhani mwingine ndiye aliyesahau. Alfredi na Violeth walivuna wenyewe, wameinama mistari miwili inayofuatana, jua na ukungu vikipokezana juu ya migongo yao.

Hapo shambani ndipo Gervasi alipomkuta Alfredi, alasiri moja, Violeth akiwa ameshuka kisimani. Katekista alivua kofia na kukaa kwenye tuta.

"Nimekwenda kwa padre," alisema. "Nimemweleza."

Alfredi aliendelea kukata mikia ya vitunguu. "Ungemweleza siku ile ile. Ulikuwa umesimama karibu naye kuliko mtu yeyote."

"Kweli." Gervasi alikung'uta udongo kwenye kofia. "Wote mnadhani napigania misale. Na misale naipigania, sikatai. Lakini alipotamka tu neno mnyororo, nikajua. Nikajua iko siku atakuja mtu ambaye mnyororo utakatikia kwake. Dada yangu Kornelia walimweka pembeni ya boma, mimi nikiwa mdogo. Mama alikuwa anamwekea chakula kwenye jiwe. Najua watu wetu, Alfredi. Wakifumba mikono, kila mtu anafanana na mwenzake. Hakuna anayeonekana."

"Na wakifumba," Alfredi aliuliza, "Violeth atakuwa ameshikwa?"

Gervasi aliokota kitunguu, akakigeuzageuza, akakirudisha kwenye rundo.

"Hapana," alisema.

Wakakaa hivyo mpaka Violeth akaonekana anapanda na ndoo kichwani. Gervasi alisimama upesi, akaipokea shikamoo yake kwa marahaba ya sauti kubwa, akaaga. Alfredi alitazama kama atampa Violeth mkono. Gervasi alivaa kofia, akagusa ukingo wake.

Padre Modest alikuja kesho yake. Pikipiki ilisikika tangu bondeni. Aliingia ndani bila kusubiri kukaribishwa, akakaa kwenye benchi, na Violeth alipoleta chai aliinywa yote na kuomba nyingine, akinywa kwa kelele kama mtu anayetaka kusikika mpaka kwa jirani. Macho yake yalikuwa mekundu. Alionekana mdogo kuliko alivyoonekana altareni.

"Dada Violeth, nimekukosea," alisema. "Mbele za watu. Sikujua."

"Haina neno, Padre."

"Ina neno. Nipe mkono wako."

Violeth aliutoa, kwa utii, kama mtu anavyompa daktari. Padre aliushika, akasali sala ndefu, nzuri, iliyomtaja mtoto aliyekufa na kumwita malaika. Alfredi alisema amina. Violeth naye alisema. Lakini mkono wake ulikaa ndani ya mkono wa padre kama kitu kilichosahauliwa pale, na ulipoachiliwa, ulirudi mapajani na kulala.

"Jumapili nitawahubiria," alisema padre. "Nitalitaja kwa jina. Upagani huu hauwezi..."

"Padre," Violeth alimkatiza, na ilikuwa mara ya kwanza Alfredi kumsikia akimkatiza mtu mzima, "nakuomba usinihubiri."

"Sitakutaja wewe."

"Nani mwingine watakayemfikiria?"

Padre alimtazama Alfredi, kana kwamba mzee angekuwa na jibu alilolificha siku ile ofisini.

"Basi nifanye nini?" aliuliza.

Lilikuwa swali la kweli. Aliuliza kwa unyonge, kikombe kitupu mkononi. Nje kuku walikuwa wanaparura maganda ya vitunguu. Baadaye padre alisimama, akavaa helmeti yake, akateremka na pikipiki huku ameizima, akiisukuma kwa miguu.

Jumapili ilipofika, alisema kwa kifupi kwamba kuanzia leo, wakati wa Baba Yetu, kila mtu atafumba mikono yake, kama ilivyokuwa. Hakutoa sababu. Vijana wa Karismatiki walinung'unika na kusema padre ameshindwa nguvu na wazee. Watu wa mabenchi ya mbele walipeana macho ya ushindi. Nje, Tadei alisikika akisema, "Nilijua, misale ni misale," ingawa mwezi mmoja tu kabla alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Wakampongeza Gervasi. Alijibu kwamba ana haraka, akaondoka kabla ya wote.

Mikono ikafumbwa, na kanisa likawa sawasawa. Lakini benchi la mwisho upande wa wanawake halikujaa. Violeth alikaa pembeni, karibu na mlango, na nafasi iliyokuwa kando yake ilibaki hata Jumapili ya kipaimara, watu walipokosa pa kukaa na kusimama nje madirishani. Alfredi aliacha kutazama upande ule. Alijilazimisha kutazama altare, na alipojikuta anaomba, alikuwa anaomba muda upite haraka, jambo ambalo hata wazee wa kale wangeliomba, bila kanisa.

Gidion alituma salamu kutoka Masakta kupitia kwa watu wa basi. Alisema wazazi wake wanasema asubiri kidogo. Hakusema kidogo ni lini.

Mavuno yalipokwisha, Jumapili moja asubuhi, Violeth alitoka amevaa sweta na viatu vya safari. Hakuwa amejitanda kitenge cha kanisani.

"Baba, naomba ruhusa. Nataka kwenda Dongobesh."

"Kuna gulio Jumapili?"

"Kuna hema la walokole." Alisema haraka, kisha akasubiri.

Alfredi alikuwa amebatizwa akiwa mgongoni kwa mama yake. Kanisa lile la matofali alilibebea maji ya tope la matofali kwa kichwa chake mwenyewe. Alijua anachopaswa kusema, alikijua kwa moyo, Gervasi alimfundisha. Alimtazama binti yake, mashavu yaliyoingia ndani, na maneno hayo yakakosa mahali pa kukanyaga.

"Gari la Hatibu linapita saa mbili," alisema. Hatibu alikuwa mfanyabiashara wa Dongobesh aliyenunua vitunguu vyao. "Mwambie akuweke mbele, nyuma kuna vumbi."

Alimsindikiza mpaka barabarani. Hatibu alimfungulia mlango wa mbele, akamsalimu Alfredi kwa mkono bila kufikiri, akaondoa gari. Alfredi alikwenda kanisani peke yake, akafika wakati wa somo la pili. Wanawake walikuwa wamejaza benchi la mwisho lote, mpaka pembeni.

Violeth alirudi jioni, jua likiwa bado juu ya mlima. Alikuwa na vumbi kwenye nyusi. Alfredi alikuwa anafunga ndama. Alisubiri mpaka binti amekunywa maji.

"Vipi huko?"

"Wanapiga kelele sana." Alikaa juu ya kigogo cha kuni, akavua viatu. "Kuna spika. Wanaimba mpaka masikio yanauma. Halafu wakasema wenye mizigo waende mbele. Nikaenda."

"Ehe."

"Wakaniwekea mikono. Watu wengi. Kichwani, mabegani, mgongoni. Mama mmoja alinikumbatia akalia, mimi sikulia."

Alfredi alikaza kamba ya ndama ingawa ilikuwa imekaza. Hakujua afurahi au amzuie, wala kama bado anao uwezo wa lolote kati ya hayo mawili.

"Watu wazuri, basi," alisema.

Violeth alifikiri.

"Hawanijui, baba," alisema. "Bado hawajanijua."

Alinyanyuka, akaokota viatu vyake, akaingia ndani kuwasha moto. Ndama mmoja alikuwa amebaki nje, akichezea maganda kwenye lango, na Alfredi akaenda kumfuata.